Mtori Katika Wodi ya Akili

Kosa lao lilikuwa moja tu: walisema naumwa.

Wangesema mimi ni mchochezi, ningeozea huko ambako wangenipeleka na hakuna ambaye angethubutu kuuliza nimelala wapi. Wangesema mwizi, majirani wangefunga milango na kuambiana, "Kumbe!" Lakini kwetu huku Meru, juu ya mji wa Maji ya Chai, ukitangaza kwamba mtu anaumwa umeshawaita watu. Jumuiya inakwenda, kwaya inakwenda, akina mama wanakwenda, na kila anayekwenda anabeba hotipoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi, maana kwetu ndizi ndiyo dawa ya kwanza, daktari anafuata nyuma. Sasa mtu mzima na ndevu zake, kazaliwa hapa hapa, kabatizwa hapa hapa, anamfungia mwanamke wodini eti asisikike, halafu anasahau jambo kama hilo! Jamani. Mpaka leo nikikumbuka nacheka mpaka nashika mbavu, ingawa wakati ule sikuwa nacheka.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikaanza kurukaruka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipostaafu mimi, mdomo haukustaafu. Redio moja ndogo ya mjini Arusha ikanipa kipindi cha kila Jumatano, habari za kilimo na mazingira, nikageuka mwandishi wa habari uzeeni. Nikapata kinasa sauti kidogo na hedifoni kubwa za kuziba masikio, nikawa napita mashambani narekodi kila kitu: kuku, mashine ya kukoboa, wazee wakiilalamikia bei ya kahawa. Watu waliendelea kuniita Mwalimu. Mume wangu alikuwa ananiangalia tu. Yeye ni mtu wa kimya sana. Akitoa sentensi nzima kabla ya chakula cha mchana, ujue ng'ombe amezaa.

Habari iliyoniponza ilikuwa ya mfereji. Mfereji wetu unaanzia mtoni, huko juu karibu na msitu, unashuka katikati ya migomba na kahawa mpaka mashamba ya chini ya barabara kubwa. Maji tunatumia kwa zamu. Siku yako unafungua, unamwagilia, unafunga, mwenzako anafungua. Mtu anayeiba zamu ya jirani kwetu ana jina baya kuliko mwizi wa kuku. Sasa ikafika wakati watu wa chini wanafungua zamu yao wanakuta tope. Nikavaa hedifoni zangu, nikaufuata mfereji kwa miguu, naingia majini, natoka, mpaka mahali fulani nikasikia sauti ya maji chini ya ardhi kavu. Nikachakura majani ya migomba. Bomba! Jeusi, limezikwa kwa heshima zote. Nikalifuata nalo likanipeleka moja kwa moja shambani kwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, yule yule anayetugawia zamu, likajaza bwawa lake la samaki. Wala halikuishia hapo. Lilitoka upande wa pili likaenda kupita chini ya ukuta mrefu wa nyumba ya wageni aliyokuwa anajenga mkubwa mmoja. Huyo kwetu hatajwi jina. Tunasema tu "mkubwa", halafu tunaangalia nyuma.

Nikasema redioni. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba kuna samaki katika kata yetu wanaoga kila siku, wakati sisi binadamu tunaoga kwa zamu. Watu walicheka wiki nzima, madukani, sokoni, hata kwenye mazishi. Mwenyekiti hakucheka. Na mimi kwa kiherehere changu nikaongeza kwamba kwenye mkutano mkuu wa watumiaji maji nitasimama niseme bomba linaanzia wapi na linaishia wapi, mpaka chini ya ukuta. Hapo nilijimaliza mwenyewe.

Walikuja asubuhi, niko uani namenya ndizi. Mwenyekiti mbele, nyuma yake wanaume wawili wenye vifua, na gari jeupe wameliacha njiani linanguruma. Mwenyekiti ni wa ukoo wa mume wangu, kaka mkubwa kwake, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Ni kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani pia. Huyo mtu ana vyeo kuliko mifuko ya koti lake.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia.

"Marahaba, shemeji yangu. Unajisikiaje?"

"Najisikia kumenya ndizi."

"Basi weka kisu chini. Tumeona umechoka. Tunataka ukapumzike kidogo, wakuangalie kichwa."

"Kichwa changu kina nini?"

Akaanza kunieleza, taratibu, kwa upole wa mtu anayemlisha mtoto uji. Eti naongea peke yangu shambani. Kweli, nafanya mazoezi ya kipindi. Eti nahoji mbuzi. Huo ni uzushi, nilikuwa najaribu kinasa sauti na mbuzi mmoja akajibu. Eti natembea ndani ya mfereji nimeziba masikio, narekodi maji. "Shemeji," akaniuliza, "mtu mwenye akili zake anarekodi maji?" Haki ya Mungu, alivyokuwa anayapanga yale mambo, hata mimi nilianza kujitilia mashaka.

Nikageuka kumtafuta mume wangu aje anitetee. Nikamwona anatoka ndani amebeba begi langu. Limeshafungwa. Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Hakuniangalia usoni.

"Nenda tu, mama," akasema. "Nitakuja kukuona."

Weee! Nilimpa maneno ambayo mke wa mchungaji hakupaswa kuyasikia, naye alikuwa anapita njiani, akayasikia yote. Nikarusha ndizi. Moja ikampata mwenyekiti kifuani, pah! Akaipangusa tai yake, akawageukia wale wenye vifua kwa huzuni kabisa. "Mnaona?" akasema. "Mnaona hali yenyewe?"

Basi nikachukuliwa, na mikono yangu ina utomvu wa ndizi.

Wodi ilikuwa mjini, safi, na dirisha lake siku isiyo na mawingu linakuonyesha mlima Meru wote. Nikafungua begi kuona huyo msaliti amenipakia nini. Kanga, mswaki, Biblia, na lile gauni la kulalia lenye lasi ambalo nililitunza kabatini kwa ajili ya safari ya ng'ambo ambayo haijawahi kutokea. Nililia kwa hasira. Halafu nikalivaa, maana gauni la wodi lilikuwa linabana.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu zake. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, mama," halafu ananiuliza kama nasikia sauti. Nikamwambia nasikia. Akatoa kalamu. Nikamwambia nasikia sauti ya maji yanayoibiwa. Akaandika. Siku ya pili nikakasirika, akaandika. Nikacheka, akaandika. Nikanyamaza, akasema dawa zimeanza kufanya kazi, na dawa zenyewe nilikuwa nazitemea kwenye leso. Nikimwambia siumwi anatikisa kichwa kwa huruma, maana kumbe mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa ndiye aliyezidiwa.

"Mwanangu," nikamwuliza, "mtu mzima wa akili akiletwa hapa kwa hila, afanye nini ili atoke?"

Yule kijana alifikiri kwa dhati. "Mama," akasema, "hilo hatukufundishwa." Halafu akaangalia mlango, akashusha sauti. "Ilipigwa simu kutoka juu. Nivumilie."

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Oldonyo Sambu, mfugaji, ambaye alikuwa anaumwa kweli na wala hakuona aibu kusema. "Mimi nikizidiwa," aliniambia, "nawasikia ng'ombe wangu waliokufa kwa ukame. Wewe unasikia nini?"

"Bomba."

"Yako ni mpya," akasema, akavuta blanketi.

Tulipatana sana. Lakini nisijifanye jasiri. Mchana nilikuwa natania, na nikibaki peke yangu bafuni naogopa. Sikuogopa kulala pale, chakula kilikuwepo na shuka zilikuwa safi. Niliogopa kwa ajili ya neno langu. Maisha yangu yote sikuwa na kitu kingine. Shamba ni la ukoo, ng'ombe ni wa mume wangu, mimi nilikuwa na neno tu, nikisema jambo darasani au redioni watu wanalichukua. Nikishaandikwa kichaa nitasimama mkutanoni niseme bomba, watasema pole Mwalimu. Nitasema redioni, watasema leo hajanywa dawa. Hata nikisema mvua inanyesha watatoa mkono nje kwanza. Hawakuhitaji kuniziba mdomo. Wangeniacha niongee mpaka ulimi ukauke, na kila neno lingekuwa dalili.

Jumatano ikafika. Redio ikatangaza kwamba kipindi hakitakuwepo, mtangazaji wenu anaumwa, tumwombee. Jumapili mwenyekiti mwenyewe akasimama kanisani kwenye matangazo, kwa sauti ya msibani, akasema mama yetu Mwalimu amelazwa, ni mambo ya kichwa, tumkumbuke. Alitaka kila mtu ajue kwamba mimi ni kichaa. Kila mtu akajua. Halafu kila mtu akaenda nyumbani kumenya ndizi.

Jumatatu nikasikia kelele koridoni.

"Wawili wawili!" muuguzi alikuwa anapiga kelele. "Wageni wanaingia wawili wawili!"

"Sisi ni jumuiya moja," sauti ikamjibu. "Hesabu moja."

Wakaingia kama maandamano, akina mama wamevaa sare za vitenge, hotipoti mkononi, chupa za uji kwapani. Mtori wa kwanza, mtori wa pili, mwingine una nyama ya mbavu, mwingine una maziwa, na juu yake loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Meza ikajaa, dirisha likajaa, nyingine zikawekwa sakafuni. Mama wa Oldonyo Sambu akajipa kazi ya ukatibu, anapokea, anaonja, anatoa maoni. "Huu una chumvi," anasema. "Huu urudi kesho."

Nilifurahi kama mtoto. Nikasema Mungu mkubwa, hawa ndio watu wangu, sasa nitawaambia. Nikamshika mkono jirani yangu wa karibu kabisa, nikamwambia, "Sikiliza. Siumwi. Nimewekwa humu kwa sababu ya bomba la mwenyekiti."

Akanipigapiga mkono. "Ndiyo, Mwalimu," akasema polepole, kwa sauti ile tunayomsemesha mtoto mchanga. "Bomba. Ndiyo. Usijichoshe."

"Sikia wewe! Lipo chini ya majani!"

"Lipo, lipo. Kula kwanza."

Nikamgeukia wa pili, naye ndiyo hivyo hivyo. Wa tatu akaanza kulia. Walikuwa wanaongea mbele yangu kana kwamba sipo: jamani amekonda, jamani na alivyokuwa mwerevu, ni kusoma sana huko. Kwaya ikaimba. Wakaniombea nitulie. Kesho yake wakaja wengine na mtori mwingine. Wote walinipenda, na hakuna aliyeniamini. Walikuja kwa sababu naumwa, sasa watakubalije kwamba siumwi? Wakikubali, wameleta mtori wa nini?

Mume wangu alikuja kila siku. Anakaa miguuni pa kitanda, anaweka chupa ya chai, anasema, "Mama, umeamkaje," mimi nageukia ukutani. Anamsemesha mama wa Oldonyo Sambu habari za malisho, halafu anaondoka. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikageuka.

"Kwa nini?"

Alizungusha kofia yake mikononi mpaka nikataka kumnyang'anya.

"Alinifuata shambani," akasema. "Akasema, 'Mdogo wangu, mkeo atachukuliwa, hilo limeshaamuliwa. Polisi au hospitali, chagua.' Nikaona hospitali wataniruhusu nikuone."

"Ukawaambia naumwa."

"Nikawaambia unaumwa."

Chini ya dirisha mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mume wangu akaivaa kofia, akaivua tena. "Usimwambie mtu," akasema. "Nitashindwa kupita njiani."

Nilitamani kumtwanga na ile chupa ya chai. Nilitamani pia kumkumbatia, na hilo ndilo lililonizidishia hasira. Nikamwambia aondoke, akaondoka. Kesho yake saa ile ile yuko hapo na chai.

Sasa, katika watu wote wa jumuiya, mmoja alikuwa hajaja. Kiongozi. Na kwetu kiongozi asiyekwenda kumwona mgonjwa wa jumuiya yake anasemwa. Akina mama wakaanza kuulizana kanisani, mbona mwenyekiti hajaenda kwa Mwalimu? Ana nini naye? Mkewe akasikia, nadhani nyumbani akampa vidonge vyake. Jumamosi wakaingia, yeye mbele na suti yake, mkewe nyuma na hotipoti kubwa kuliko zote, halafu jumuiya nzima. Muuguzi alikwishakata tamaa siku nyingi, akawashikia mlango.

"Pole sana, shemeji," akasema mwenyekiti. Macho yake yalikuwa juu ya mto wangu, hayanigusi.

"Ahsante, shemeji. Umenona."

Wakaimba, likasomwa neno. Likaja lile ambalo kwetu haliachwi, mgonjwa kuulizwa ana haja gani ili aombewe. Mwenyekiti ameuliza swali hilo kwenye vitanda vya watu tangu apewe uongozi, limekaa ulimini mwake lenyewe, likatoka kabla hajaling'ata.

"Mwalimu, una haja gani tukuombee?"

Nilikaa kitandani, nikavuta gauni langu la lasi vizuri.

"Leo nina nguvu kidogo," nikasema. "Nitaomba mwenyewe. Tufumbe macho."

Wakafumba. Wakainamisha vichwa, mikono wameikunja. Na mwenyekiti naye, afanyeje, akafumba.

"Ee Bwana," nikaanza, "wewe unaujua mfereji wetu."

"Eee Bwana," wakaitikia.

"Unaujua, Bwana, ule mti wa mringaringa uliopinda, chini kidogo ya banio la kugawia maji. Ukitoka pale, Bwana, ukashuka mkono wa kushoto, chini ya majani makavu ya migomba, mtumishi wako yeyote mwenye jembe akifukua kidogo tu ataona bomba jeusi."

"Amina," wakasema, kwa mazoea. Halafu vitenge vikachakacha, vya watu waliosikia walichokiitikia.

"Libariki jembe hilo, Bwana. Unajua bomba linavyopita, linaacha kahawa upande huu, linaingia shambani kwa mtumishi wako, linajaza bwawa. Wabariki samaki wale, Bwana. Hawana kosa, hawakuomba kuletwa."

Kuna mtu alikohoa kuficha kicheko. Nikafungua jicho moja. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho kwa nguvu mpaka uso umejikunja, na jasho linamtiririka pembeni ya sikio. Kufungua mdomo hawezi. Mtu anayekatiza maombi ya mgonjwa kwetu hajazaliwa.

"Mguse aliyelizika, Bwana, umpe moyo wa kulifukua mwenyewe. Na kama moyo huo hana, Bwana, wape akina mama hawa majembe."

"AMINA!" Hiyo ilitoka kitanda cha pili.

"Mkumbuke pia mkubwa, Bwana, ambaye bomba limeendelea mpaka chini ya ukuta wake. Umjalie mvua yake mwenyewe. Unajua naumwa, Bwana, wamesema naumwa. Basi hawa wakienda wakafukua wasikute kitu, niache humu humu. Wakikuta, unajua wewe mgonjwa ni nani."

Nikasema Amina. Wakasema Amina. Mwenyekiti ndiye aliyepaswa kufunga kwa Baba Yetu, akaanza, alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" akakwama, mkewe akamalizia.

Kesho yake baada ya ibada akina mama walikwenda na majembe. Walisema wanakwenda kuangalia kama maombi yamejibiwa. Jirani yangu yule wa "usijichoshe" ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga bomba, na nasikia alipiga ukelele uliosikika barabarani. Walilifukua mpaka bwawani, wakaling'oa, maji yakarudi mferejini na watu wa chini wakayapata siku ile ile. Lakini upande wa pili wa bwawa, kuelekea ukutani, walikuta mbwa wawili na mlinzi mwenye rungu, akawaambia hapo ni mali ya mtu. Wakarudi.

Baada ya hapo wodi ilikuwa haikaliki. Walikuja mpaka watu wa chini ya barabara, nisiowajua, na mtori wao. Muuguzi alimwambia daktari kwamba kama sitoki mimi atatoka yeye. Daktari akaja, akakaa kitandani.

"Mama, umepata nafuu."

"Nafuu ya nini?"

"Mama, tafadhali," akasema yule kijana, kwa sauti ya kuomba kabisa. "Nenda nyumbani."

Mama wa Oldonyo Sambu alinisindikiza mpaka mlangoni na kusikitikia chakula.

Nilidhani yameisha. Loo! Nilipofika nyumbani kila mtu alikuwa ananiambia neno moja: Mungu amekuponya. Mwenyekiti akaja na tabasamu lake, akaeleza kwamba lile bomba la bwawani lilikuwa kosa la fundi, limeshaondolewa, tumshukuru Mungu. Na lile la ukutani? Akacheka kidogo. "Shemeji, lile lilikuwa la ugonjwa. Umeshapona, tuliache." Akasema ameshapanga, Jumapili nitatoa shukrani kanisani kwa kuponywa, kwaya iko tayari. Meneja wa redio naye akapiga simu. "Toa shukrani, Mwalimu, watu wajue umepona. Jumatano inayofuata uko hewani."

Mnaona mambo hayo? Nikimshukuru Mungu kwa kuniponya, nimekiri kwamba niliugua, na bomba la ukutani linabaki kuwa homa yangu ya kichwa, hakuna atakayelitafuta tena. Nikisema sikuugua, swali la kwanza litakuwa, basi nani alisema unaumwa? Na jibu lilikuwa limekaa jikoni kwangu linakunywa chai kwa kimya.

Nilizunguka siku kadhaa nikiwa na hasira na kila kitu, na sufuria, na kuku. Nilimwangalia mume wangu akilima. Alikuwa anapita njia ya nyuma ya migomba ili asikutane na watu. Jumapili asubuhi nilipiga pasi suti yake, nikaona jinsi kola ilivyomlegea shingoni, alivyokonda kipindi kile. Nikaamua nitashukuru. Neno moja tu, kuniponya, linatoka, tunakaa chini. Sikumwambia. Nilijua ninachokiuza.

Kanisa lilijaa. Tulitembea mpaka mbele, mimi na yeye, kwaya inaimba, akina mama wanapunga vitambaa. Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi la wazee, mikono juu ya magoti. Nikapewa maiki. Mimi, ambaye maiki nimeizoea miaka.

"Namshukuru Mungu," nikasema.

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa..."

Neno likagoma. Nikaanza upya, likagoma tena. Watu wakaanza kunihurumia, nawaona, pole Mwalimu, bado hajakaa sawa. Nikahisi mkono juu ya mkono wangu. Mume wangu alikuwa anaichukua maiki. Nikadhani anataka kunimalizia, nikamwachia.

Aliishika mbali mno, halafu karibu mno, ikapiga ukelele, watoto wakaziba masikio.

"Mke wangu hakuumwa," akasema.

Kwaya iliyokuwa inajiandaa ikakaa.

"Hakuumwa hata siku moja. Niliambiwa nichague, polisi au hospitali. Niliogopa. Nikasema anaumwa." Nikafikiri amemaliza, maana kwake hiyo tayari ni hotuba. "Nilidanganya. Aliyeniambia nichague yumo humu ndani. Na bomba liko pale pale chini ya ukuta, kama alivyosema."

Hakumnyooshea mtu kidole. Watu waligeuka wenyewe kuelekea benchi la wazee. Hakuna aliyesema Amina. Maiki aliishusha mpaka ikagonga kifungo cha koti, spika ikatusikizisha wote. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuujali. Akageuka, akaniangalia machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya begi, akanirudishia maiki.

"Haya, mama," akasema. "Endelea."